Nani Kasema Kiswahili Hakiingii Maabara?



Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alirudisha kitabu cha Kiswahili mezani pangu, akaniaga kwa adabu. Alikuwa amepata alama nzuri katika fizikia na baiolojia, na nyumbani walikuwa wamemshauri aache "masomo ya maneno" ashike "masomo ya kazi". Akaniambia, "Mwalimu, Kiswahili ni kizuri kwa mashairi na kwa sokoni. Lakini maabara haina Kiswahili."

Sikumgombeza. Nilimtakia heri, naye akaenda zake. Hasira iliyonibakia haikuwa juu yake. Ilikuwa juu yetu sisi watu wazima tuliomfundisha uongo huo, tena tukamfundisha vizuri hata akaukariri bila kusita.

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwako wewe pia unayejifunza Kiswahili huku ukisikia minong'ono kwamba unapoteza muda. Dai langu ni hili: lugha si pambo la sayansi. Lugha ni chombo cha sayansi, kama ilivyo darubini au kipimajoto. Utafiti unaofanywa juu ya watu pasipo lugha ya watu hao una kasoro ya kisayansi, kabla hata hatujataja kasoro yake ya kihaki. Na raia asiyeweza kuuliza swali la kisayansi kwa lugha anayoimudu hubaki mtu wa kuamuliwa na wengine. Nitathibitisha dai hili kwa nyanja nne ambazo watu hupenda kutuambia kwamba si zetu: tiba, afya ya akili, mtandao na fizikia ya chembe.

Maabara iliazima maneno kwetu

Tuanze na tiba. Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walipatwa na maumivu makali ya viungo hata wakawa wanatembea wamejipinda. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kujikunja au kupindika. Watafiti walipoandika taarifa zao hawakwenda kutafuta jina katika Kilatini. Walilichukua lile la wenyeji. Leo daktari wa Brazili, wa India au wa Ufaransa akilitaja jina la virusi hivyo, anatamka Kimakonde.

Mwaka 1959 jambo kama hilo lilitokea hapa kwetu Uganda. Homa nyingine inayoenezwa na mbu ilianzia kaskazini mwa nchi, ikaenea Afrika Mashariki na kuwapata watu zaidi ya milioni mbili. Waacholi waliiita o'nyong'nyong, kwa namna inavyovidhoofisha viungo vya mwili. Nchi haikukosa wataalamu, kwani taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilikuwapo tangu mwaka 1936. Hata hivyo wataalamu hao walipovitambua virusi vyake, walivipa jina hilohilo la Kiacholi.

Tafakari kilichofanyika hapo. Wenyeji hawakubandika jina tu. Walikuwa wameshawaangalia wagonjwa, wameshaulinganisha ugonjwa huo na homa nyingine walizozizoea, wameshaichagua dalili moja inayoutofautisha na nyingine zote, kisha wakaitia dalili hiyo ndani ya neno. Kuangalia, kulinganisha na kutaja ni hatua za mwanzo za utafiti wowote wa tiba duniani. Asemaye kwamba lugha zetu haziwezi sayansi anasema jambo ambalo vitabu vya tiba vyenyewe vinalikanusha.

Kiswahili nacho hakikukaa kando. Ugonjwa unaoitwa AIDS kwa Kiingereza na SIDA kwa Kifaransa uliwafikia watu wengi kama herufi tupu. Wapo wanaozitamka herufi hizo kila siku bila kujua zinasimamia nini. Kiswahili kikaunda UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini. Mfafanulie neno hilo bibi asiyewahi kuingia darasa la baiolojia, naye ataelewa kwamba ugonjwa huu humvua mtu ngao yake, kisha maradhi mengine yakampiga akiwa hana cha kujikingia. Somo zima la kinga ya mwili limo ndani ya neno moja. Waliolibuni walifanya kazi ya lugha, na kwa kazi hiyohiyo wakafundisha tiba.

Swali lililoulizwa kwa Kiluganda

Sasa tuingie katika afya ya akili, maana hapo ndipo wapinzani wangu wanapoishiwa na hoja kabisa. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha ya eksirei bila mgonjwa kusema neno. Huzuni haionekani kwenye picha. Daktari anaijua kwa sababu mgonjwa ameisema, au kwa sababu ameulizwa akajibu. Katika uwanja huu lugha ndiyo kipimo chenyewe. Ukikosea neno, umekosea kipimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wakiwamo Paul Bolton na Helen Verdeli walikuja katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha makaburi na mayatima katika kila kijiji. Wangeweza kuleta dodoso lao la Marekani, wakalitafsiri neno kwa neno na kuanza kuhesabu wagonjwa. Hawakufanya hivyo. Kwanza waliwauliza wanakijiji: ni matatizo gani yamewapata watu kutokana na ugonjwa huu, nanyi mnayaitaje? Wanakijiji wakawapa maneno mawili ya Kiluganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Dalili za hali hizo mbili zilikaribiana sana na kile ambacho madaktari hukiita sonona. Kwa msingi huo watafiti wakapata kipimo ambacho wenyeji walikielewa na sayansi iliweza kukitegemea.

Jaribio lenyewe lilifanyika mwaka 2002 katika vijiji 30. Baadhi ya vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu vipewe tiba ya mazungumzo katika vikundi, na vingine vikaendelea na hali yake ya kawaida ili pawepo na cha kulinganisha. Walioviongoza vikundi hivyo walikuwa watu wa eneo hilo waliofunzwa kwa muda mfupi, wala hawakuwa madaktari wa akili. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakizungumza kwa lugha yao. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya washiriki katika vijiji vilivyotibiwa walikuwa na sonona kali. Katika vijiji vya kulinganishia walikuwa asilimia 94. Baada ya tiba, waliobaki na sonona kali katika vijiji vilivyotibiwa walikuwa asilimia 6.5 tu, na katika vile vingine asilimia 54.7. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, nayo yamesomwa dunia nzima.

Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda naye aliwatumia akina bibi wa mitaani, wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Akina bibi hao hawazungumzi kwa istilahi ngeni. Wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mradi wao ulianza mwaka 2006, na jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Wewe unayejifunza Kiswahili umeshasikia mtu akisema, "Ana mawazo." Huenda ulidhani kwamba anasifiwa kwa kuwa na fikra nyingi, kumbe wanakuambia kwamba moyo wake umeelemewa. Mtafiti asiyeijua tofauti hiyo atamwuliza mgonjwa, "Una mawazo?", akidhani ameuliza kuhusu fikra, naye mgonjwa atajibu kuhusu maumivu yake. Jibu litaandikwa, litahesabiwa, litachorewa jedwali zuri, na litakuwa si kweli. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba sarufi na semantiki ni masomo laini. Katika utafiti wa namna hii, kosa la semantiki ni kosa la hesabu.

Kidole gumba cha shangazi

Nimesema kwamba utafiti usio na lugha ya watu una kasoro ya kihaki pia. Shangazi yangu ni mkulima, na Kiingereza hakijui. Miaka kadhaa iliyopita aliingizwa katika jaribio la dawa kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Alipewa karatasi kadhaa zilizoandikwa Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kutia kidole gumba, akaambiwa, "Ni dawa nzuri, mama." Baada ya miezi miwili alipata habari kwamba baadhi ya wenzake walikuwa wakipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Akaja kwangu akitetemeka kwa hasira. Aliamini kwamba wametapeliwa, na kwamba wapo walioachwa wafe makusudi.

Nilikaa naye jioni ile nikamweleza. Ili kujua kama dawa inafanya kazi, watafiti huwagawa washiriki kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa, na jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo, au hupewa tiba iliyozoeleka. Mtu hapendelewi wala haonewi, kwa kuwa hakuna aliyemchagulia kundi lake. Pasipo makundi mawili huwezi kujua ni dawa iliyoponya au ni mwili wenyewe. Na mshiriki ana haki ya kujitoa siku yoyote. Maelezo hayo yalichukua muda wa kunywa chai. Alipomaliza kunisikiliza aliuliza swali moja tu: "Mbona hawakuniambia hivyo?"

Hakurudi tena. Utafiti ule ukampoteza mshiriki, naye akapoteza imani. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, madaktari wa dunia wamekubaliana kwamba mtu hafanyiwi utafiti pasipo ridhaa yake aliyoitoa akiwa ameelewa. Karatasi usiyoweza kuisoma, na ambayo hakuna aliyekusomea, haikupi ufahamu wowote. Alama ya kidole gumba juu ya karatasi ya namna hiyo si ridhaa.

Ebola na somo la Kivu

Tuvuke mpaka tuone jambo hili kwa ukubwa wake. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya kila siku. Kabla mlipuko huo haujaisha, Juni 2020, ulikuwa umewaua watu zaidi ya 2,200. Katikati ya vita na hofu, wanasayansi wakiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa pamoja na wenzao wa kimataifa waliendesha jaribio la dawa nne kwa wagonjwa 681. Jaribio hilo linajulikana duniani kwa kifupisho PALM. Je, unajua herufi hizo zimetoka wapi? Ni Pamoja Tulinde Maisha. Hicho ni Kiswahili, na kimeandikwa katika majarida makubwa ya tiba.

Jaribio lilisimamishwa mapema, Agosti 2019, kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa dawa ya ZMapp, karibu 50 walifariki. Kwa wale waliopewa dawa mbili za kingamwili, mAb114 na REGN-EB3, waliofariki walikuwa takribani 35 na 34. Tena mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Kwa mara ya kwanza ulimwengu ukawa na dawa zilizothibitishwa dhidi ya Ebola, na uthibitisho wake ulipatikana Afrika.

Lakini jina la Kiswahili peke yake halikutosha. Katika mlipuko huohuo vituo vya tiba vilishambuliwa, na Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa huko Butembo akiwa kazini. Sababu zilikuwa nyingi: vita vya muda mrefu, siasa, kutoaminiana. Sidai kwamba lugha ilikuwa chanzo pekee. Hata hivyo, shirika la Translators without Borders lilipochunguza mawasiliano ya Ebola katika eneo hilo, lilikuta kwamba maneno mengi ya matangazo hayakueleweka na waliokusudiwa. Na hapa lazima nijipige kifuani mwenyewe, kwani baadhi ya maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili sanifu, kile ninachokufundisha. Kiswahili cha Goma na cha Beni kina maneno yake na mazoea yake. Mwalimu anayemcheka mtu wa Kivu kwa sababu hasemi kama kamusi isemavyo hana faida yoyote siku ya mlipuko.

Kilicho wazi na bado kimefungwa

Wapinzani wangu watasema, "Sawa, tiba na huzuni ni mambo ya watu, yanahitaji lugha ya watu. Lakini mitambo haina kabila. Kompyuta na chembe za atomu zitahitaji Kiswahili kwa lipi?"

Nawajibu kwa kuwapeleka Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye kituo cha utafiti wa fizikia kiitwacho CERN. Mkataba wa kukianzisha, uliotiwa saini mwaka 1953, unadai kwamba matokeo ya kazi yake yachapishwe au yatolewe kwa watu wote. Mwaka 1989 mfanyakazi wake mmoja, Tim Berners-Lee, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali ili wanasayansi wa nchi nyingi waweze kusomeana kazi zao. Njia hiyo ndiyo wavuti, ambayo unaitumia kila unapofungua tovuti. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliiachia dunia programu za wavuti bila malipo. Kama ingezifungia na kudai ada, pengine leo tungelipa kwa kila ukurasa.

Mtandao wa intaneti ulio chini ya wavuti nao ulijengwa kwa uwazi kama huo. Tangu Aprili 1969 wahandisi wake waliandika kanuni zao katika nyaraka zilizoitwa maombi ya maoni, yaani karatasi za kumkaribisha yeyote asome na kukosoa. Ndiyo sababu ujumbe wako kutoka Mbarara unaweza kukatwa vipande vidogo, kila kipande kikiwa na anwani yake, vikapita njia tofauti na kuunganishwa upya kwenye simu ya rafiki yako wa Mombasa, ingawa simu zenu zimetengenezwa na viwanda tofauti. Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, katika pwani ileile iliyokilea Kiswahili, na kwa njia hiyo sisi tusio na bahari tukapata intaneti ya kasi kuliko ile ya setilaiti.

Basi mlango ulifunguliwa. Lakini kitu kilichoandikwa kwa lugha usiyoisoma, hata kama hakina bei, kwako kimefungwa. Raia wanatozwa kodi ya data, wanatungiwa sheria za mtandao, wanazimiwa intaneti wakati wa uchaguzi kama ilivyotokea nchini mwetu Januari 2021, na wengi hawana maneno ya kuuliza: umeme wa ujumbe unapita wapi, swichi yake inashikwa na nani, kwa idhini ya nani? Asiye na neno la kuulizia hawezi kudai jibu.

Ngoja nijaribu

"Haya," wanasema kwa kejeli, "tueleze basi chembe ya Higgs kwa Kiswahili." Kwa furaha.

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno. Baadhi ya chembe za msingi, kama zile za mwanga, hazina tungamo. Nyingine, kama elektroni, zinalo. Kwa nini? Mwaka 1964 Peter Higgs wa Uingereza, na wakati huohuo François Englert na Robert Brout wa Ubelgiji, walipendekeza kwamba ulimwengu wote umejaa uga usioonekana. Fikiria shamba la mpunga lililojaa matope. Ndege hupita juu yake bila kuguswa, ng'ombe huhangaika. Chembe zisizoguswa na uga huo hubaki bila tungamo. Zinazoguswa hupata tungamo. Mfano wangu una kasoro moja: matope humpunguzia ng'ombe mwendo hata akasimama, ilhali uga huu hauipunguzii chembe mwendo wake. Unaifanya tu iwe ngumu kuianzisha ikiwa imetulia, na ngumu kuisimamisha ikiwa inakwenda.

Ikiwa uga huo upo, basi ukitikiswa kwa nguvu za kutosha utatoa chembe yake yenyewe. Ndiyo maana CERN ilijenga chini ya ardhi njia ya mviringo yenye urefu wa kilomita 27, ambamo protoni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga na kugonganishwa. Chembe inayotafutwa hufa mara tu inapozaliwa. Wanasayansi huitambua kwa mabaki yake, kama vile mwindaji anavyomjua mnyama kwa nyayo. Tarehe 4 Julai 2012 walitangaza kwamba wameziona nyayo hizo. Mwaka uliofuata Higgs na Englert walipewa Tuzo ya Nobel.

Umeelewa? Basi Kiswahili kimeweza. Na usidhani kwamba mambo haya hayakuhusu. Hospitali nyingi duniani leo hutibu saratani kwa mashine zinazoongeza kasi ya elektroni, kwa kanuni zilezile za fizikia ya chembe. Mwaka 2016 mashine pekee ya tibamionzi nchini Uganda, ya kobalti, iliharibika, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika kipindi hicho wagonjwa wa saratani waliohitaji mionzi na waliokuwa na uwezo au msaada walisafiri hadi nchi jirani. Wengine walibaki nyumbani. Taifa ambalo raia wake hawana lugha ya kuzungumzia mionzi haliwezi kujadili bajeti ya mionzi. Litaona kwamba mashine imekufa, basi.

Pingamizi ninazozikubali na nisizozikubali

Sisemi kwamba uache Kiingereza. Kisome, ukimudu, majarida mengi yameandikwa kwa lugha hiyo, na mtu mwenye lugha mbili ana madirisha mawili. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba dirisha moja lazima lizibwe.

Sisemi pia kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya Kiluganda, Kiacholi au Runyankole. Umeona kwamba Masaka swali liliulizwa kwa Kiluganda, na ilikuwa sahihi. Najua pia kwamba wapo wazee wetu wanaokumbuka Kiswahili kama lugha ya askari waliowatesa, na kumbukumbu hiyo inastahili heshima. Lakini virusi havijali mpaka. Juni 2019 Ebola ya Kongo ilivuka ikaingia Kasese. Siku kama hiyo daktari wa Kampala, dereva wa lori kutoka Mombasa, mfanyabiashara wa Bukavu na muuguzi wa Kigoma wanahitaji lugha moja ya kuambiana ukweli upesi. Lugha hiyo tunayo tayari, na baraza letu la mawaziri liliridhia mwaka 2022 kwamba ifundishwe shuleni kwa lazima. Azimio hilo litakuwa karatasi tupu kama tutaifundisha kwa salamu na methali peke yake.

Na nina neno kali kwa wenzangu wapenzi wa Kiswahili. Tumezoea kubuni istilahi mezani, kuzifungia katika kamusi na kupigiana makofi. Istilahi isiyotumiwa na muuguzi, fundi wa simu wala mwalimu wa fizikia ni mbegu iliyoachwa ghalani. Mtandao, kingamwili, tovuti na tibamionzi yanaishi kwa sababu watu wanayatamka. Tupunguze sherehe za maneno mapya, tuongeze maandishi yanayoyatumia.

Kazi yako

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, nakupa kazi tatu, na hakuna hata moja inayohitaji cheti. Kwanza, chukua jambo moja ulilofundishwa katika somo la sayansi wiki hii, liandike kwa Kiswahili katika aya moja, kisha umsomee mtu asiyesoma sayansi. Akikuuliza swali, umefaulu. Asipokuelewa, tatizo ni aya yako, iandike upya. Pili, ukiona ndugu yako anapewa karatasi ya utafiti, mwambie aombe isomwe kwa lugha yake kabla ya kuweka kidole. Aulize: mnatafuta nini, naweza kupata madhara gani, nikijitoa itakuwaje? Kuuliza si ujinga, na katika utafiti ni haki. Tatu, ukija kuwa daktari, mhandisi au mwanafizikia, rudi uwaeleze waliokulea ulichokigundua, kwa maneno yao.

Na wewe uliyenirudishia kitabu, kama unasoma maneno haya: fizikia yako ni nzuri, endelea nayo. Kitabu chako cha Kiswahili bado kipo mezani pangu. Utakihitaji siku utakapoingia maabara.